Mkanda wa mgongo wenye kamba za mabega: nusu yake tu ndiyo ya kununua

Kwenye maduka ya dawa na vifaa tiba yanayozunguka kilima cha Bugando, penye hospitali ya rufaa jijini Mwanza, na hata mezani kwa wachuuzi wa mjini kati, mkanda huu haukosekani. Ni kitambaa cheusi kinachopitisha hewa, chenye kipande kipana cha kuzungushia kiuno na vyuma viwili au vinne vilivyofichwa mgongoni. Kamba mbili zinapita juu ya mabega, zinapenya kwapani, zinakatizana nyuma na kurudi kunata tumboni. Picha ya kwenye boksi inaonyesha mtu aliyesimama wima kama askari wa gwaride. Ndugu wa mgonjwa akishuka kutoka wodini na karatasi iliyoandikwa "mkanda wa mgongo" basi, ni rahisi kuuziwa huu, kwa maelezo kwamba "umekamilika".

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo wa chini, hatuupi zaidi ya nyota 2 kati ya 5. Nyota hizo mbili ni za kiuno. Kamba hazina hata moja, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na kiuno. Kipande chenye upana wa sentimita 20 hadi 25 kinatosha watu wazima wengi, na vyuma vyake vinachomoka. Hili wanunuzi wengi hawaambiwi. Vyuma huja vimenyooka kama rula, wakati kiuno cha binadamu kina bonde. Ukivivaa vilivyo, vitagusa mbavu juu na makalio chini, katikati pabaki pengo. Mtu wa nyumbani avichomoe, avikunje taratibu kwenye goti lake mpaka vifuate bonde la mgonjwa, kisha avirudishe. Vikae pande mbili za uti, umbali wa vidole viwili hivi kutoka mstari wa katikati. Chuma kikikaa juu ya mshono kitauchubua, na mshono uliochubuka ni mlango wa usaha.

Watu huutarajia mkanda kushinda uwezo wake. Mkanda wa kitambaa haushikilii mifupa. Kama umewekewa skrubu, kazi hiyo ni ya skrubu. Unachofanya mkanda ni kubana tumbo ili misuli ipumzike kidogo, na kukukumbusha usiiname wala kujipinda. Tafiti zilizolinganisha waliovaa na wasiovaa baada ya kuunganishwa pingili za uti wa mgongo hazijaonyesha tofauti kubwa. Ndiyo maana daktari mmoja huagiza uvaliwe wiki 6 hadi 12 na mwingine hauagizi kabisa, na wote wawili hawajakosea. Aliyetengenezewa koti gumu la plastiki kwa kipimo cha mwili wake asilibadilishe na kitambaa hiki kwa sababu ya joto. Hivyo ni vifaa viwili tofauti.

Sasa kamba. Zimeshonewa kwenye mkanda wa kiuno, kwa hiyo ukizivuta ili kifua kifunguke, mkanda nao unavutwa juu. Unaacha mifupa ya nyonga na kupanda hadi chini ya mbavu. Hapo hausaidii mgongo tena, unabana tumbo tu na kuzuia ugali kushuka. Mgonjwa anahisi umelegea, anakaza zaidi, na kila anapokaza kamba zinakandamiza mabega kwenda chini. Msuli mnene unaotoka shingoni kuja begani unavutwa kutwa nzima. Kwapani nako kunapita mishipa ya fahamu ya mkono. Kamba nyembamba ikikaza hapo, vidole vinaanza kufa ganzi, hasa kidogo na cha pete. Ndipo unamsikia mtu akisema ugonjwa wa mgongo umehamia begani, kumbe bega linalipa deni la kamba. Jaribio ni rahisi: zifungue kamba, uache kiuno peke yake kwa siku mbili tatu. Ganzi ikiisha na bega likapata nafuu, umeshampata mhalifu. Aliyefanyiwa upasuaji wa shingo asizifunge kabisa bila ruhusa ya aliyempasua.

Tuwe wa haki, si kila bega linalouma baada ya upasuaji linauma kwa sababu ya mkanda. Mgongo hupasuliwa mgonjwa akiwa kifudifudi, mara nyingi mikono imewekwa pembeni mwa kichwa kwa saa kadhaa. Bega linaweza kuamka limekakamaa na kuchukua siku au wiki chache kulainika. Upasuaji wa shingo nao huacha maumivu katikati ya mabega, kwa sababu misuli ya shingo imesumbuliwa. Halafu kuna mikono kufanya kazi iliyokuwa ya mgongo: kujivuta kitandani, kujisukuma kutoka kwenye kochi la chini, kuning'inia bomba la daladala la Buhongwa. Asubuhi, geuka ubavu magoti yakiwa pamoja, mabega na nyonga vizunguke kwa mkupuo mmoja kama gogo. Teremsha miguu nje ya kitanda huku ukijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Usijivute kwa shingo ya anayekusaidia. Utaumia wewe, naye ataumia.

Badala ya "mkanda kamili", nunua mkanda wa kiuno peke yake, na pesa itakayobaki iende kwenye fimbo. Huo wa kiuno tunaupa nyota 4. Upime hivi: simama, toa pumzi, zungusha futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu juu ya fulana nyepesi. Kama futi hakuna, tumia kamba kisha uilaze kwenye rula. Usinunue kwa herufi M au L, kwa sababu L ya kiwanda hiki ni M ya kile. Soma sentimita zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiufunga, ncha zipandane angalau vidole vinne, la sivyo sehemu ya kunata itaachia ukipiga chafya. Ukingo wa chini uguse mifupa ya nyonga. Kiganja kilicholazwa kipenye kati ya mkanda na tumbo. Kaa kwenye kiti: ukichoma mapaja, ni mpana mno kwako.

Uvae ukiwa bado umelala, au umekaa kitandani, kabla ya kusimama. Ndani iwe fulana ya pamba isiyo na mikunjo, maana kwa joto na unyevunyevu wa kandokando ya ziwa, kitambaa hiki kikigusa ngozi tupu huleta vipele haraka. Kagua ngozi kila unapouvua. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake umekaza mno au chuma kinagusa. Usiku uvue, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Muda wake ukiisha, punguza saa moja kila siku badala ya kuutupa ghafla. Sehemu ya kunata ndiyo hufa kwanza: ikijaa nyuzi za kanga na nywele, ichambue kwa mswaki wa zamani, na ufue kwa mkono, vyuma vikiwa vimetolewa.

Fimbo sasa. Chagua ya aluminiamu yenye matundu ya kurekebisha urefu. Simama na viatu vyako vya kila siku, mkono uning'inie. Kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Fimbo iliyozidi urefu hulipandisha bega kwenye sikio kila hatua, na kwa anayeishi Igogo au Mabatini, akipanda na kushuka ngazi za mawe kila siku, hatua hizo ni nyingi. Gongo la kwapani liache nafasi ya vidole viwili vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Angalia pia mpira wa chini. Ukiisha meno, jiwe lililolowa mvua halisamehe, na mpira ni wa kubadilisha bila kununua fimbo nyingine.

Chupa ya maji ya moto, ile ya mpira, tunaipa 4 pia. Ni nzuri kwa msuli wa bega: maji ya moto yasiyochemka, theluthi mbili tu, toa hewa, ifunge kwa taulo, dakika 15 hadi 20. Isiwekwe juu ya mshono wala mahali penye ganzi, kwa sababu ngozi isiyohisi huungua kimyakimya.

Dawa haziuzwi kwa nyota, lakini zinauzwa kaunta ileile. Muuzaji akikupa kidonge cha mchanganyiko wenye diklofenaki na parasetamoli, huku nyumbani una Panadol, unameza parasetamoli mara mbili. Kiwango cha juu cha parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini dhaifu asifike hapo. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiguse diklofenaki. Aliyeunganishwa pingili amuulize kwanza daktari wake, maana wapo wanaoikataza wakihofia mfupa kuchelewa kushikana.

Yapo maumivu ambayo mkanda wowote ni kuyapotezea muda. Ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kugoma au kujitokea, mguu kulegea, mkono kushindwa kuinuka begani, homa na mshono unaovuja, kifua kubana au pumzi kukatika: hayo yanakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kwa wanaosafiri kwenda kliniki kutoka Geita au Sengerema, mkanda unasaidia kwa mitikisiko, ila haufuti madhara ya kukaa. Zamani kivuko cha Busisi kilimlazimisha abiria kushuka na kunyoosha miguu. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 gari linapita moja kwa moja. Mwombeni dereva asimame kila baada ya dakika 30 hivi katika wiki za mwanzo, na kunjeni taulo dogo la kuweka kwenye bonde la kiuno. Bodaboda isubiri ruhusa ya daktari.

Dukani, omba kuujaribu juu ya nguo ukiwa umesimama, kisha ukiwa umekaa, na uombe risiti inayoruhusu kubadilisha saizi. Kama mgonjwa hawezi kufika, nenda na sentimita zake zimeandikwa kwenye karatasi, pamoja na jina la upasuaji aliofanyiwa. Muuzaji asiyetaka boksi lifunguliwe, mwachie boksi lake.