INR ya mshipani na INR ya kidole: uzoefu wangu na vali ya chuma

Nina vali ya chuma kwenye moyo, hivyo warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ya maisha. Zile dawa mpya zisizodai kupimwa mara kwa mara, kama rivaroxaban, sisi wenye vali za chuma haturuhusiwi. INR ni namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda; mtu asiyetumia dawa yake huwa karibu na 1. Mimi natakiwa nicheze kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ikizidi, ukipiga mswaki tu ufizi unachuruzika.

Nianze na maabara. Wakichukua damu ya mshipani, huitenganisha na kuichanganya na kemikali ya kuigandisha, kisha mashine inahesabu sekunde. Kemikali hizo hutofautiana nguvu kati ya kiwanda na kiwanda, ndiyo maana sekunde za Mwanza na za Dar hazilinganishwi hivihivi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha hesabu ya INR mwaka 1983 kumaliza utata huo. Ukiletewa jibu la sekunde peke yake, rudi dirishani ukadai INR.

Lakini jicho langu liko kwenye chupa ya kifuniko cha bluu. Ndani yake mna dawa kidogo ya kuzuia damu isigande njiani, na imepimwa kwa sehemu 1 ya dawa kwa 9 za damu. Kuna maabara moja binafsi kijana alivuta damu ikaishia nusu ya chupa.
"Mwanangu, haijafika kwenye mstari."
"Inatosha hiyo, mama."
Jibu likaja 5.4. Daktari hakuamini, akaagiza irudiwe kwingine mchana uleule, chupa ikajazwa vizuri: 3.1. Damu ikiwa pungufu, dawa ya kwenye chupa inazidi na kipimo kinapanda bure. Hebu fikiria ningeacha dozi kwa jibu lile! Siku hizi hata wakininunia, naangalia mstari.

Mashine ya kidole niliikuta kliniki, nami nimeipenda. Tone moja kwenye stripu, kama dakika moja namba imetokea, na daktari anapanga dozi ukiwa umekaa mbele yake. Kwa sisi ambao mishipa imechoka kutobolewa, ni nafuu kubwa. Tatizo ni stripu: ni ghali, na zina masharti ya joto, si za kuacha kwenye gari Dar hii. Pia namba ikiwa juu mno, mashine hizi huanza kupishana na maabara, kwa hiyo hapo nakubali sindano bila ubishi. Wenye upungufu mkubwa wa damu nao waulize kwanza kama inawafaa.

Kwa nyota: kidole nne, maabara inayojaza chupa nne na nusu, ile ya "inatosha" sifuri.

Mboga za majani sijaacha. Mchicha na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, ila kinachovuruga ni kula leo sufuria zima halafu wiki nzima hugusi. Ninachokiogopa mimi ni Flagyl ya kununua dukani kwa tumbo la kuhara. Inapandisha INR vibaya. Ukiandikiwa, sema unatumia warfarini, na uombe upimwe tena baada ya siku chache, usingoje tarehe ya kliniki.