Maandishi yamefika, maneno bado: uzoefu wangu na Sri Siddhartha Gautama

Usinunue. Naanza na hilo kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe nitaieleza.

Sri Siddhartha Gautama ni filamu ya Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Saman Weeraman, na Gagan Malik kutoka India ndiye mwana wa mfalme anayekuja kuwa Buddha. Nakala niliyouziwa juzijuzi ina manukuu ya Kiingereza, yaani ile tafsiri inayopita chini ya skrini, na manukuu hayo yanakimbia mbele ya waigizaji. Mwanzoni hushtuki. Dakika ya 10 yametangulia kwa sekunde 24. Nusu saa, sekunde 72. Ikitimia saa nzima yako mbele dakika 2 na sekunde 24, unasoma jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Muuzaji alipoelezwa alisema filamu za dini za huko ndivyo zilivyo. Sivyo kabisa! Walioitengeneza hawana kosa hapo. Filamu huchukuliwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Diski za video za nchi zinazofuata mfumo wa televisheni wa PAL huichezesha kwa fremu 25, kwa hiyo kazi nzima inaisha mapema kidogo. Mtu amechukua manukuu yaliyopimwa kwa diski ya fremu 25 akayabandika kwenye faili la fremu 24, wala hakutazama zaidi ya dakika 5 za mwanzo. Angeruka hadi katikati mara moja tu, angeona.

Na kisa hiki hakivumilii kosa la namna hiyo. Usiku wa kuondoka ikulu ndio moyo wa maisha ya Siddhartha: ana miaka 29, mkewe Yashodhara amelala na mtoto wao Rahula, mtumishi wake Channa anamwandaa farasi Kanthaka, na uzito wote uko kwenye kimya. Sasa weka juu ya kimya hicho maneno ya watu ambao bado hawajaingia kwenye picha. Ukimya umekwisha, na hakuna namna ya kuurudisha kwa mtu anayeitazama mara ya kwanza. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela.

Tafsiri yenyewe nayo ni ya kulipua. Dukkha, neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, imefanywa "pain", yaani maumivu, kila inapotokea, utadhani mtu huyu aliacha ikulu akatafute dawa ya mgongo. Dukkha inabeba uzee, maradhi, kifo, na ile hali ya kupata kitu na bado usitosheke. Kiswahili kingeweza kusema dhiki, au mashaka. Halafu kuna heshima. Kisinhala kina vitenzi vya pekee kwa watawa: mtu wa kawaida anakula, kanava, lakini mtawa ni valandanava, mtawa akija au akienda ni vadinava. Sikio likizoea, kitenzi peke yake kinakwambia anayezungumziwa ni mtawa. Sisi tunaojua umbali kati ya "amekufa" na "amefariki" tungelielewa hilo bila kuelezwa. Kwenye manukuu yote ni kula na kuja tu.

Ila faili linatengenezeka, na waliokwama wasihangaike na vitufe vya G na H vya VLC, programu ya kuchezea video. Vile vinasogeza manukuu yote kwa pamoja, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Ukisharekebisha hapa, dakika 20 mbele yameachana tena. Kwanza pima. Chukua sentensi moja ya mwanzoni na moja ya karibu na mwisho. Pengo likiwa sawa kote, sogeza tu. Likiwa linakua, tatizo ni fremu: fungua faili la manukuu kwa programu ya Subtitle Edit, nenda kwenye usawazishaji, badilisha kasi ya fremu kutoka 25 kwenda 24. Kila muda unazidishwa kwa 25 na kugawanywa kwa 24. Baada ya hapo ndipo usogeze zile sekunde chache zinazobaki kwa sababu ya nembo za mwanzo. Ukitanguliza kusogeza, kunyoosha kutaharibu ulichosogeza.

Unapohifadhi, chagua usimbaji wa herufi wa UTF-8, la sivyo majina ya Kipali kama Kondañña yanageuka takataka. Kwa anayetazama kwa flashi kwenye TV, faili la manukuu lipewe jina lilelile la faili la filamu, neno kwa neno, kwa sababu TV nyingi hazitalisoma vinginevyo.

Niliposhayanyoosha, nilichoandika juu kikaanza kunisuta. Usiku ule wa kuondoka umerudi na kimya chake, na kwa hicho peke yake nasema inunue. Ni filamu ya waumini. Haiharakishi, haimtanii mtu, na asiyeijua dini hii ataelewa kwa nini Wasinhala wanamtaja Buddha kwa sauti ya chini. Nyota nne kwa filamu. Kwa nakala ile, hata moja sitoi, na bei waliyotoza inanikasirisha upya kila nikiikumbuka.

Basi kabla ya kulipa omba wakuchezeshee, ruka hadi saa ya kwanza, tazama midomo. Kisha zima manukuu. Yasipozimika, yamechomwa ndani ya picha na hakuna programu itakayoyanyoosha. Mrudishie muuzaji nakala yake palepale.