Safari ya Mtumbwi Porini: Ununue Nini cha Kubebea Zana za Kuvulia

Anayevua kutoka ufukweni au kwenye boti ya injini anaweza kununua sanduku lolote limpendezalo, maana likishapakiwa halibebwi tena. Safari ya mtumbwi ya siku kadhaa porini ni habari nyingine. Kati ya ziwa na ziwa, au pale mto unapoporomoka kwenye mawe, kila kitu hushushwa na kubebwa kwa miguu, mtumbwi wenyewe ukiwa mabegani. Njia ya kilomita 1, ukivusha mizigo kwa awamu mbili (kwenda, kurudi, kwenda tena), umetembea kilomita 3. Kwa awamu tatu ni kilomita 5. Kitu chepesi kinachoning'inia mkononi kinatosha kukulazimisha urudi.

Kwa hiyo vyombo vya kubebea zana nimevipanga hapa kwa nafasi, kwa swali moja kuu: zana zote zinaingia ndani ya begi la mgongoni, au zinabaki kuwa mzigo wa pembeni? Baada ya hapo ndipo nikaangalia mtumbwi ukipinduka itakuwaje, na kama ni rahisi kupata unachokitaka ukiwa umekaa majini na kafi mapajani.

Nafasi ya kwanza: visanduku bapa viwili ndani ya mkoba laini

Ni vile visanduku vya plastiki inayoonyesha ndani, vya takriban sentimita 28 kwa 18, kimo sentimita 4 au 5. Karibu kila duka la zana za uvuvi linavyo. Nunua viwili, pamoja na mkoba wa kitambaa unaovitosha barabara, wenye mkanda wa bega na mfuko mmoja wa mbele wa koleo. Ubapa ndio unaovipa nafasi ya kwanza: vinateleza kando ya nguo ndani ya begi kubwa, na mkiwa majini mkoba unakaa chini ya kiti bila kumzuia mtu miguu. Kimoja ni cha chambo bandia kigumu, kingine cha ndoana, chubwi (vizito vya kuzamishia mshipi) na pete ndogo za kuungia mshipi. Mkoba unaomeza visanduku vinne usiununue, kwa sababu utavijaza vyote vinne.

Dukani, acha kuhesabu vyumba. Omba pete ndogo kabisa ya mshipi, iweke kwenye chumba kimoja, funga kifuniko, geuza kisanduku juu chini ukitikise kwa nguvu. Ikihamia chumba cha jirani, kirudishe kwenye rafu. Njia ya porini inatikisa kuliko mkono wako, na ndoana za makucha matatu hupenya juu ya kizuizi kilicholegea zikashikana. Jioni unafungua unakuta vyambo vitano vimekuwa kitu kimoja, mwanga unapungua, vidole vina baridi. Ni rahisi ndoana kuingia kidoleni wakati kama huo, wala samaki hayupo. Kagua pia bawaba: yenye pini ya chuma hudumu kuliko ile ya plastiki iliyokunjwa tu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi. Chambo laini cha plastiki kina mafuta ya kukilainisha, na mafuta hayo huyeyusha visanduku vya plastiki ngumu ya aina rahisi. Ukichanganya rangi nazo huambukizana, na vile vyambo vinavyovutika kama mpira vikigusana na vya kawaida huyeyushana vikawa uji. Chambo laini kiache kwenye pakiti yake ya asili, ukizipanga pakiti wima kwenye mfuko wa pembeni.

Nafasi ya pili: kisanduku kimoja chenye gasketi

Hiki kina mpira pembezoni mwa kifuniko na vifungio vya kubana, maji hayaingii. Mtumbwi ukipinduka, kisanduku kisichojazwa vyuma vingi huelea. Kwa mto wenye maporomoko, au kwa mtu anayesafiri peke yake na anaridhika na kisanduku kimoja, ningekipa nafasi ya kwanza bila kusita.

Lakini gasketi inayozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Rudisha chambo kikiwa kimelowa, funga, acha jua lipige, na ndoana zitaanza kutu safari ikiwa bado changa. Ukikichagua, ukubali kukifungua mkisimama kula ili vikauke, na uweke humo kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu. Kuta zake nene na vifungio vilivyotokeza hula nafasi ya begi pia. Kabla ya safari weka karatasi ya shashi kavu ndani, kizamishe kwenye beseni chini ya jiwe kwa dakika kadhaa, kisha ukifungue uishike shashi. Shashi haidanganyi.

Nafasi ya tatu: mkoba wa kukunja wenye kurasa za zipu

Ndio mwepesi kuliko yote na unajaza pembe yoyote ya begi. Unamfaa sana mvuvi wa mtindo mmoja, mwenye ndoana za kichwa kizito, chambo laini na mishipi iliyokwisha fungwa. Usitie humo ndoana za makucha matatu, zitatoboa kurasa.

Nafasi ya nne na ya tano

Begi kubwa la uvuvi lenye mifuko kila upande ni zuri kwenye boti. Hapa linakuwa mzigo wa pembeni. Sanduku gumu lenye trei za ngazi ni la mwisho: lina pembe, lina mkono mmoja wa kubebea, na kifungio kikiachia njiani unaokota ndoana majanini.

Fimbo

Fimbo ndiyo huvunjika, kwa hiyo ipewe fedha kabla ya sanduku. Ya kwanza kwangu ni ya vipande vinne: fimbo ya mita 2.1 inakunjika hadi karibu sentimita 55 au 60 na kuingia ndani ya begi. Ya vipande viwili inabaki na zaidi ya mita 1, na ncha yake itatafuta kila tawi njiani. Ya kipande kimoja iache nyumbani.

Unganisha vipande papo hapo dukani. Tazama kama pete za kupitishia mshipi zinasimama mstari mmoja, pinda fimbo taratibu, sikiliza viungo. Kikilia, chukua nyingine. Ala bora ya kuhifadhia fimbo ni ile ngumu, na kipande cha bomba la maji la plastiki chenye vifuniko kinafanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo, ingawa kina uzito zaidi. Badala ya kununua rili (kifaa cha kuviringia mshipi) ya pili, nunua kibiringo cha akiba, yaani kile kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, chenye mshipi wa unene tofauti.

Chubwi, na sheria

Uzito halisi wa mkoba uko kwenye chubwi. Metali ya tungsteni ina msongamano wa takriban gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, metali ya risasi 11.3, hivyo chubwi ya tungsteni ya gramu zile zile ni ndogo zaidi na inazama vizuri. Ni ghali, na kwenye maji yenye mawe utapoteza kadhaa. Hata hivyo risasi inaua ndege wa majini wanaoimeza. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi mwaka 1987, na hifadhi za taifa za Kanada haziruhusu chubwi wala ndoana zenye risasi chini ya gramu 50. Katika hifadhi ya Quetico, jimbo la Ontario huko huko Kanada, ndoana lazima ziwe hazina kijino (kile kincha cha nyuma kinachoizuia ndoana kuchomoka) na chambo kiwe bandia tu. Soma sheria za uendako kabla ya kutoa hela.

Koleo

Hapa usibane matumizi. Nunua koleo lenye meno membamba na makali ya kukata waya, la chuma kisichoshika kutu. Ndoana yenye kijino ikizama kidoleni, mbali na hospitali, mara nyingi njia ya kuitoa ni kuisukuma ncha itokeze upande wa pili, kukata kijino, kisha kuirudisha ilikoingilia. Ikiwa karibu na jicho, usiiguse: safari imeishia hapo, mpelekeni mtu kwa daktari. Koleo lisiloweza kukata ndoana halina faida siku hiyo, kwa hiyo kabla ya kuondoka chukua ndoana nene kuliko zote ulizonunua, ifunike kwa kitambaa ili kipande kisikurukie usoni, uikate. Halafu lifunge kwa kamba kwenye mkoba, maana likidondoka majini linazama.