Ming'oko yenye udongo wake, pembeni mwa Soko Kuu Mtwara

Mimi ni mtoto wa Tandahimba, nimeolewa hapa Mtwara mjini mwaka wa tisa sasa, na kila kiangazi, kinachonitoa kitandani alfajiri kwenda Soko Kuu ni ming'oko. Vitu vingine nanunua popote. Ming'oko nanunua kwa akina mama wanaotandika viroba chini pembeni mwa soko, kwa sababu wao ndio wanaotoka na mzigo kijijini, na wengi wameuchimba kwa mikono yao.

Kwa asiyeijua, ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, ndugu wa viazi vikuu. Kwetu hatuipandi. Unaingia kichakani, unafuata kamba yake iliyokauka mpaka inapozama ardhini, halafu unachimba taratibu maana ukikosea unaikata. Fungu moja unaloliona limelala kwenye kiroba limekula muda wa mtu.

Jumamosi iliyopita nilifika saa kumi na mbili na nusu. Bibi mmoja ndiyo kwanza anafungua mzigo wake.

"Shikamoo bibi. Hii umechimba lini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Jana, jua linazama. Hebu shika mwenyewe."

Nikashika. Udongo ulikuwa bado na unyevu, umeng'ang'ania ganda. Hiyo ndiyo alama yangu. Ming'oko iliyooshwa inapendeza macho, lakini haikai. Ikifika kesho yake michubuko yote imeshakuwa myeusi. Vunja mmoja mbele ya muuzaji, hakatazi. Ukikatika kwa mlio na ndani mweupe, nunua. Fungu lilikuwa shilingi 1,000. Nilichukua matano, naye akaniongezea konzi nzima bila kuombwa. Bei sikuigusa. Nikikumbuka mama yangu alivyokuwa akirudi porini ameshika kiuno na kiroba hakijafika nusu, siwezi kumdai mtu mia mbili.

Jirani yake alikuwa na mbaazi mbichi. Hapa nina msimamo: nunua zenye maganda. Zilizokwisha kumenywa zinakuokolea muda, lakini kama zimelala usiku kucha kwenye mfuko wa plastiki zinachachuka, na tui la nazi halifichi uchachu huo. Za Jumamosi tulimenya na wanangu barazani, tukazipika kwa nazi moja, hazikubaki. Mama huyo huyo alikuwa na karanga, na nilipomuuliza mbegu akanijibu palepale: Mnanje 2009, ya watafiti wa kilimo wa Naliendele, hapo nje kidogo ya mji. Mchuuzi hawezi kukujibu hivyo. Yeye anajua bei tu.

Na wachuuzi wamenifunza kwa uchungu. Mwezi uliopita, mahali pengine, nilinunua njugu mawe visado viwili. Nyumbani nikazipima kwa kisado changu, hazikujaa. Nikakumbuka alivyokuwa anakishika kisado kwa chini muda wote, hakukigeuza hata mara moja. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani. Niliumia, kwa sababu zile zilikuwa hela za mboga za wiki. Tangu hapo, kabla sijapimiwa chochote, nasema, "Naomba nikione kwa chini." Wakulima wa pembeni mwa soko hawajawahi kukasirika nikiwaambia hivyo. Wanakigeuza, wanaendelea na habari zao.

Makopa, yaani mihogo iliyokaushwa, ni ya wastani. Mengine meupe safi, mengine yana madoa meusi ya ukungu, na yote yamechanganywa kiroba kimoja, kwa hiyo chagua moja moja hata kama nyuma yako kuna foleni. Mboga za majani ziko za kutosha, sina la kusema.

Nenda na hela ndogondogo. Bibi wa ming'oko hapokei kwa simu, na ukimpa noti ya 10,000 asubuhi ile atalazimika kuacha mzigo wake azunguke kutafuta chenji. Na usichelewe: saa tatu nilipopita tena kurudi nyumbani, kiroba chake kilikuwa kimekunjwa.

Mafungu mawili niliyafunga kwenye gazeti pamoja na udongo wake, nikampa kondakta wa basi la Dar es Salaam, kwa dada yangu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Jioni ya kesho yake akapiga simu: ameichemsha kwa chumvi na mafuta kidogo mpaka maji yakakauka, watoto wake wanaimenya kwa meno kama sisi tulivyokuwa tukifanya, na anauliza kama Jumamosi ijayo bibi atakuwepo.