Chupa Mbili za Kiini cha Matunda: Moja Nitainunua Tena

Duka moja la vyakula vya afya katikati ya jiji la Mwanza linauza chupa mbili za mililita 30: kiini cha juisi ya rozela na mafuta ya mbegu za pasheni. Lebo zote mbili zinadai kwamba antioksidanti zilizomo, yaani zile kemikali za matunda zinazozuia oksijeni isiharibu chembe hai, zimetolewa kwa hewa ya ukaa peke yake. “Haina kemikali, mama,” alinihakikishia kijana wa kaunta, kana kwamba hewa ya ukaa si kemikali.

Njia yenyewe si ya kubuni. Hewa ya ukaa ikipashwa joto kupita nyuzi 31 za Selsiasi na kugandamizwa zaidi ya mara 73 hivi ya mgandamizo wa hewa ya usawa wa bahari, hubaki kati ya gesi na kimiminika: hupenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika. Mgandamizo ukilegezwa, hutoka yote bila kuacha mabaki, na kwa kuwa joto linalohitajika halipishani sana na la mchana wa hapa kwetu, viini haviungui.

Lakini hewa hiyo ni rafiki wa mafuta, si wa maji. Wekundu wa rozela unatokana na anthosayanini, ambazo hupenda maji, na hewa ya ukaa ikiwa peke yake huziacha karibu zote. Ndiyo maana wataalamu huichanganya na ethanoli, yaani kileo, mara nyingine pamoja na maji. Nyumbani nilidondosha matone matatu kwenye glasi ya maji, yakatawanyika papo hapo, na nilipotia magadi kidogo rangi ikageuka kijani chenye ubuluu, kama anthosayanini zifanyavyo kwenye magadi. Zimo tele, basi. Lebo ndiyo isiyosema kweli. Kwa shilingi 28,000 nilistahili kuambiwa kilichotumika, na wasiotumia kileo wanastahili zaidi.

Mafuta ya pasheni yalielea juu ya maji, ya manjano, yakiwa bado na harufu ya tunda lenyewe, na vitamini E ya mbegu hizo huyeyuka vizuri kwa njia hiyo. Hayo nitayanunua tena, ila wayatoe kwenye chupa nyeupe zinazopigwa na jua dirishani. Rozela nitaendelea kununua kavu soko la Kirumba na kuiloweka usiku kucha.