TAHADHARI: "Seramiki" ya heda inayopimwa kwa kibastola

Wadau wenye Subaru, Altezza, na kila aliyefunga heda za kuchomelea (ile mirija inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini kwenda ekzosi), someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa hapa Dar anatoa huduma ya kupaka seramiki, dawa ya kukinga joto na kutu, kwenye heda za ekzosi. Mimi nimepigwa shilingi 450,000. Baada ya kuuliza uliza nimekutana na wenzangu wawili waliopigwa hivyo hivyo, mmoja wao akiwa ametoa zaidi yangu. Jina silitaji. Sitaki kesi, halafu jina lenyewe keshalibadilisha mara moja na namba ya simu pia. Nitaeleza mbinu yake, maana hiyo ndiyo hajaibadilisha.

Kwanza niseme seramiki yenyewe si uongo. Nilikuwa na sababu nzuri ya kuitaka. Gari langu ni Forester ya turbo, na mnajua injini ya Subaru imelala, kwa hiyo heda zinapita chini kabisa, karibu na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Masika ya Dar kila dimbwi unalokanyaga linarusha maji moja kwa moja kwenye bomba la moto. Weka na chumvi ya upepo wa bahari, maana mimi ni mtu wa Kigamboni. Heda zangu za chuma cha kawaida zilikuwa zimeanza kutoa magamba ya kutu ndani ya mwaka mmoja. Nilishashauriwa kuzifunga ule utepe wa nyuzi za kioo, nikakataa, kwa sababu utepe ukilowa unashika maji, na bomba linaoza humo ndani bila wewe kuona. Koti ya seramiki iliyopakwa vizuri inazuia kutu hiyo, inapunguza joto linalomwagika ndani ya boneti, na joto linalobaki ndani ya bomba linausaidia moshi kwenda kwa kasi hadi kwenye turbo. Hayo yote ni kweli. Ndiyo maana utapeli wake unauzika.

Sasa njoo kwenye onyesho lake. Unafika, unakaribishwa soda, anawasha jiko la gesi la plati mbili. Juu ya kila plati kuna kipande cha bomba la ekzosi. Kimoja kina kutu, kingine kinang'aa fedha kama kioo, "hiki ndicho cha seramiki, bosi wangu." Anasubiri dakika kumi, kisha anatoa kibastola cha kupimia joto, ndugu ya vile tulivyokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso enzi za korona, ila hiki cha viwandani. Anakielekeza kwenye bomba la kutu: nyuzi 262. Anakielekeza kwenye lile linalong'aa: 118. Anakupa na wewe upime mwenyewe. Nikapima. Ikasoma vile vile.

Nani asingeamini? Mimi ni mtu wa hesabu, nimeona namba kwa macho yangu, kifaa nimekishika kwa mkono wangu. Nikatuma hela kwa simu pale pale.

Gari nililiacha saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri napigiwa simu, njoo chukua, iko tayari. Nikafurahi kuwa jamaa ana kasi! Hapo ndipo akili ilipotakiwa kufanya kazi, nami nikawa nafikiria foleni ya kivuko. Kufungua heda za Subaru iliyoshika kutu, kuzisafisha, kuzipaka, kuzichoma na kuzirudisha, yote ndani ya saa tano? Boliti zenyewe tu zinaweza kukumalizia asubuhi nzima.

Wiki ya kwanza gari lilitoa harufu ya rangi inayoungua. Akasema ni kawaida, "dawa inajishika." Wiki ya tatu nikaona madoa ya kahawia kwenye maungio. Mwezi wa pili ule ung'avu ulikuwa unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na chini yake kutu ile ile, haijaguswa. Halafu ikaanza sauti ya tsss-tsss injini ikiwa baridi: alirudishia gasketi (vizibio vya maungio) zile zile za zamani, moshi unavuja.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja eneo la Gerezani hapa Dar, fundi wa ekzosi wa siku nyingi. Akaingia chini, akakwangua kwa bisibisi, akatoka akicheka. "Mwanangu, hii ni rangi ya kopo. Na hawakupiga hata msasa." Nikamwambia, mzee, mbona nilipima joto mwenyewe? Hakunijibu. Akaenda kuchukua kopo la rangi nyeusi ya kuhimili joto, isiyong'aa, akapuliza mstari wa upana wa vidole viwili kwenye sehemu ya bomba ambayo ilikuwa bado inang'aa. Akaacha ikauke, tukawasha gari, tukalisubiri lipate moto. Kisha akachukua kibastola chake yeye. Kwenye mng'ao: 109. Kwenye mstari mweusi, sentimita mbili pembeni, bomba lile lile: 231.

Nikamwomba arudie. Akarudia mara tatu.

Bomba moja haliwezi kuwa na joto mara mbili ndani ya sentimita mbili. Kinachodanganya ni kibastola. Kile kifaa hakigusi kitu, kinasoma mwanga wa joto usioonekana unaotoka kwenye uso wa kitu, na kimewekwa kiwandani kikiamini kuwa kila uso unatoa mwanga huo kwa wingi, kama unavyotoa uso mweusi, wenye kutu au wenye rangi ya kawaida. Chuma kinachong'aa kinatoa kidogo sana hata kikiwa cha moto wa kukuunguza, na badala yake kinaakisi ubaridi wa vitu vilivyo mbele yake. Kwa hiyo kibastola kinasoma chini. Jamaa hajapunguza joto hata nyuzi moja. Amepaka kitu cha kung'aa, basi.

Kama huamini, huna haja ya kwenda gereji. Chukua sufuria ya alumini iliyosuguliwa ikang'aa upande mmoja na yenye masizi upande mwingine, chemsha maji. Mimi nilifanya hivyo jikoni, mama watoto akinitazama kama mtu aliyepata uchizi. Upande wa masizi ulisoma 94. Upande wa kung'aa ulisoma 43. Maji yale yale yanatokota humo ndani. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulilipa laki nne na nusu kwa sababu ya hili?" Tuendelee.

Kuhusu kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa, nimeuliza kwa watu wanaoijua, na ninayaweka hapa ili mjue cha kuuliza. Heda inafunguliwa na kutolewa nje ya gari, hakuna seramiki ya kupulizia ikiwa imefungwa. Inachomwa au inaoshwa mpaka mafuta yote yatoke. Kisha inapigwa mchanga wa mashine mpaka chuma kibaki kijivu, kikavu, chenye ukwaruzo, kwa sababu dawa inashikilia kwenye ule ukwaruzo. Baada ya hapo haishikwi kwa mkono mtupu, maana hata jasho la vidole linatosha kuharibu. Inapulizwa nje, na kwa mafundi wazuri hata ndani ya mirija. Halafu inaingia kwenye oveni inayoweza kuimeza heda nzima, ikachomwa kwa zaidi ya nyuzi 200 kwa muda uliopangwa na mtengenezaji wa dawa. Zipo dawa zinazokauka kwa hewa bila oveni, lakini hizo nazo zinataka siku kadhaa. Hakuna njia yoyote inayoanza saa nne asubuhi na kuisha alasiri gari likiwa barabarani. Ukiona hivyo, ondoka.

Na koti yenyewe ni nyembamba. Hizi za kupuliza zina unene wa sehemu tatu au nne kati ya mia za milimita hivi, chini ya unene wa unywele. Kuna nyingine nene zaidi, unga wa zirkonia (aina ya seramiki) unaoyeyushwa na kurushwa kwa plazima, yaani gesi ya moto mkali mno, zinazotumika kwenye magari ya mashindano, na hizo zinazuia joto vizuri zaidi, ila bei yake ni nyingine kabisa. Mtu akikuambia koti ya kupuliza inakata joto nusu, mwambie akuwekee kipimio cha waya kinachogusa bomba. Na hata heda iliyopakwa na fundi bingwa duniani, usiiguse. Inaunguza.

Ahadi zake nyingine: mafuta yanapungua asilimia 20, nguvu zinaongezeka farasi 15. Nilizisikia na nikazimeza pia. Rangi juu ya bomba haiwezi kukurudishia moja ya tano ya petroli yako, kaka zangu. Nguvu inaweza kupanda kidogo kwa sababu hewa inayoingia kwenye injini haipashwi moto sana, lakini ni kidogo cha kuonekana kwenye mashine ya kupimia tu. Mguu wako hautakisikia.

Kuna mkanganyiko mwingine anaoutumia, na huu unawapata hata waosha magari waaminifu. Neno ni moja, seramiki, lakini ile ya kupaka juu ya rangi ya bodi ili gari ling'ae na maji yateleze ni kitu tofauti kabisa na ya ekzosi. Jamaa ana vichupa vya ile ya bodi mezani, vina maandishi mazuri, anakuonyesha. Moshi wa petroli ukitoka kwenye silinda unaweza kufika nyuzi 800. Kichupa kile hakijaumbwa kwa hilo.

Nilipomrudia alianza kwa upole, "kaka yangu, lete tuangalie." Nilipomwambia nimeshalipeleka Gerezani, upole ukaisha. Akanisomea karatasi yake ya dhamana ya mwaka mmoja: haifanyi kazi gari likipita kwenye maji. Dhamana ya kuzuia kutu, inayokufa ukikutana na maji! Nikamwuliza kama anaishi mji gani. Akakata simu.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikudai, kosa langu, na ndiyo maana nilipofikiria kwenda kulalamika Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, nilijikuta sina karatasi mkononi zaidi ya ile dhamana isiyo na muhuri. Nina meseji ya muamala, na hiyo inaonyesha jina ambalo si la kwake. Ila nina picha. Siku ile aliniletea picha tatu za "kazi ikiendelea" ili nione yuko makini. Juzi nimezikuza moja moja. Kwenye ya pili, kona ya chini kushoto, nyuma ya mguu wa kijana wake, kuna kopo la spreya ya rangi ya joto. Linauzwa madukani Kariakoo kwa bei ambayo, nikiiandika, mtanicheka zaidi.

Na kopo lile si baya lenyewe, kwa haki. Ndilo alilotumia mzee wa Gerezani kunirekebishia, ila kwa utaratibu: brashi ya waya mpaka chuma, petroli kidogo ya kusafisha, koti nyembamba nyembamba, kisha kuchoma kwa hatua kama kopo linavyoagiza, nyuzi 120 nusu saa, ipoe, 200 nusu saa, ipoe, halafu 315. Alitumia oveni ya jirani yake anayepaka rangi za unga. Pamoja na gasketi mpya na kazi, nimelipa 120,000. Mzee mwenyewe aliniambia wazi: hii si seramiki, itakupa mwaka, labda mmoja na nusu, utarudi. Sijawahi kulipa hela kwa furaha namna ile.

Jamaa sasa yuko na ofa mpya ya heda na mafla kwa pamoja, picha ya jiko na vibomba viwili ni ile ile. Ukienda, soda kunywa, onyesho tazama, kisha mwombe ruhusa uchore mstari mweusi kwenye bomba lake la fedha kabla hajawasha gesi. Kopo langu limebaki nusu, liko Kigamboni, anayelitaka aniambie nimwachie.