Niliomba chujio la masizi lisafishwe, wakalikata

Gereji yenyewe ipo Mtwara mjini, na sitaitaja jina, ingawa natamani sana. Gari langu dogo la dizeli lilikuwa limewasha taa ya chujio la masizi baada ya muda mrefu wa mizunguko mifupi kati ya Shangani na sokoni, mizunguko ambayo haileti joto la kutosha kuyaunguza masizi yaliyonaswa. Niliomba chujio lisafishwe, basi. Jioni nilikuta taa imezimika na gari limekuwa jepesi ajabu, nikamsifia fundi kwa kila niliyekutana naye.

Siku chache baadaye harufu ikaanza. Ilikuwa harufu kali ya moshi ndani ya gari, inayowasha macho na kung'ang'ania kwenye nguo, na mwanangu mwenye pumu alikohoa njia nzima tulipokwenda Lindi. Huko fundi mwingine aliingia chini ya gari akanionyesha: bomba la moshi limepasuliwa, chujio na masega yake (vile vitundu vya ndani vinavyonasa masizi) vyote vimetolewa, kisha bomba likachomelewa vibaya hivi kwamba moshi unavuja chini ya sakafu. Taa nayo ilikuwa imezimwa kwa kompyuta tu.

Niliporudi kuuliza, fundi mkuu hakunyanyua hata macho. "Mama, dizeli ni dizeli. Ukitaka manukato, nunua la petroli." Vijana wake wakacheka.

Manukato! Tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na chujio lile lilikuwepo ili chembe za masizi, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, zisifike kwenye mapafu ya mwanangu, wala ya mama anayekaanga mihogo kando ya barabara ninapopita.

Sitamnyima haki yake: nozeli, yaani vile vipulizio vya dizeli ndani ya injini, alizisafisha vizuri, na gari halijawahi kuwaka asubuhi kwa wepesi kama sasa. Kwa hilo nilikusudia kumpa nyota tatu. Lakini chujio lenyewe, ambalo kwa kawaida hupakwa madini ya thamani kama platinamu, sikurudishiwa. Niliambiwa limetupwa, na hakuna aliyeweza kunionyesha lilikotupwa. Ni mali yangu, nililikuta kwenye gari nililolilipia. Nampa nyota moja, na hiyo ni ya nozeli peke yake.